Ini Hukua kwa Wingi wa Damu au kwa Kilichomo Ndani Yake?

Habari kwamba ini hujiotesha upya zimeenea mno, na kwa watu wengi zimegeuka faraja ya hatari. Mnywaji wa pombe hujiambia kuwa ini lake litapona lenyewe. Ndugu anayeombwa kutoa kipande cha ini kwa ajili ya mgonjwa huambiwa kwamba kilichokatwa kitarudi chote, bila kuelezwa masharti. Wauzaji wa dawa za “kusafisha ini” nao hudai kuwa chupa zao huongeza mzunguko wa damu kwenye kiungo hicho, kana kwamba damu ikizidi, afya nayo huzidi. Madai yote haya huegemea kauli moja: utafiti umeonyesha. Mara nyingi utafiti huo ulifanywa kwa panya, mbwa au nguruwe, na ulichoonyesha si kile kinachotangazwa.

Uchambuzi huu unahusu swali lililo nyuma ya mkanganyiko huo. Ini hufanya nini damu inayoliingia inapopungua, inapozidi, inapobadilishwa chanzo au inapokatika? Kwa zaidi ya miaka mia moja wanasayansi wamebishana wakitumia wanyama. Wapo walioshikilia kwamba wingi wa damu ndio unaoamua, wapo waliosema ni vitu vilivyomo ndani ya damu, na wapo waliotaja nguvu ya msukumo wake kwenye kuta za mishipa. Hoja ya makala haya ni kwamba misimamo hiyo ilionekana kupingana kwa sababu ilikuwa ikijibu maswali tofauti. Asiyeyatenganisha maswali hayo atausoma vibaya kila utafiti mpya.

Usuli: kiungo chenye njia mbili za damu

Viungo vingi vya mwili huletewa damu na ateri peke yake. Ini lina njia mbili. Ya kwanza ni ateri ya ini, yenye damu iliyojaa oksijeni. Ya pili ni vena potali, mshipa mpana unaokusanya damu iliyokwisha kupita kwenye tumbo, utumbo, kongosho na wengu. Kwa mtu mzima aliyepumzika, takriban robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita kwenye ini, na karibu robo tatu ya damu hiyo huja kwa vena potali. Hata hivyo, damu ya vena imekwisha kutumiwa na viungo vingine na kupungukiwa oksijeni. Kwa hiyo ateri, ingawa huleta robo tu ya damu, hutoa karibu nusu ya oksijeni ambayo ini linahitaji.

Vena potali nayo ina utajiri wake. Hubeba chakula kilichotoka kufyonzwa utumboni, pamoja na insulini na glukagoni zinazomwagwa na kongosho. Ini huzipata homoni hizo kwa wingi kabla hazijachanganyika na damu ya mwili mzima. Kutoka hapo damu ya njia zote mbili huungana katika vijishipa vyembamba, hupita kati ya seli za ini, kisha hutoka kuelekea moyoni. Seli zilizo mwanzoni mwa safari hiyo hupata oksijeni nyingi, na zilizo mwishoni huambulia masalio. Ndiyo sababu mtiririko unapodhoofika, seli za mwishoni hutangulia kufa.

Mpangilio huu ndio kiini cha ugumu wa utafiti. Anayeufunga mshipa mmoja wa ini hupunguza wingi wa damu, hubadilisha kiasi cha oksijeni, huzuia homoni na hugeuza shinikizo, vyote kwa mpigo mmoja. Matokeo yakionekana, ni vigumu kusema lipi kati ya hayo manne limeyasababisha.

Mbwa wa Eck na sungura wa Rous

Mwaka 1877, daktari Nikolai Eck wa St. Petersburg, Urusi, aliiunganisha vena potali na vena kava ya mbwa, kisha akaifunga njia ya kuingia kwenye ini. Damu ya utumbo ikachepuka na kwenda moja kwa moja kwenye mwili. Kati ya mbwa wake wanane, mmoja tu aliishi zaidi ya wiki. Alidumu miezi miwili na nusu, kisha akatoroka. Eck aliona kwamba upasuaji huo unawezekana. Hakupata nafasi ya kuona gharama yake.

Gharama hiyo ilidhihirika mwaka 1893, pale Ivan Pavlov na wenzake walipoirudia kazi hiyo kwa ustadi zaidi. Mbwa waliopona upasuaji walibadilika tabia, na waliolishwa nyama walipepesuka, wakapofuka, wakapata degedege na hata kuzirai. Sumu zitokanazo na protini, hasa amonia, zilikuwa zikifika ubongoni bila kupitia kwenye ini linalozigeuza kuwa urea. Jambo la pili lilivuta macho ya watafiti wa baadaye: maini ya mbwa waliochepushiwa damu yalisinyaa, ingawa ateri ilikuwa nzima.

Mwaka 1920, Peyton Rous na Louise Larimore wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walifunga matawi ya vena potali yanayolisha sehemu kubwa ya ini la sungura. Sehemu zilizonyimwa damu hiyo zilinywea polepole, na sehemu iliyobaki nayo ikatanuka kufidia. Jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu zote mbili zilikuwa ndani ya mnyama mmoja, zikiwa na moyo mmoja na chakula kimoja. Kilichotofautiana ni damu ya vena potali tu. Kuanzia hapo hakuna aliyepinga kwamba damu hiyo ni muhimu kwa ini. Ubishi ukawa juu ya sababu.

Msimamo wa kwanza: wingi wa damu ndio unaoamua

Frank Mann wa Mayo Clinic, Marekani, alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa hoja ya wingi. Katika kituo hichohicho, mwaka 1931, Higgins na Anderson walieleza njia ya kukata theluthi mbili za ini la panya, kipimo kinachotumika maabarani hadi leo. Kipande kilichobaki hurudia uzito wa ini zima ndani ya takriban wiki moja hadi siku kumi. Mann aliona kwamba kwa mbwa waliochepushiwa damu ya vena potali, ini lililokatwa halikurudi hivyo. Kwake, maelezo yalikuwa wazi: ini hukua likipata damu nyingi, hunywea likipata kidogo.

Mwaka 1953 Charles Child na wenzake waliipa hoja hii nguvu mpya. Waliibadilisha mishipa ya mbwa ili ini lipate damu ya vena kava, yaani ile inayorudi kutoka nusu ya chini ya mwili, badala ya damu ya utumbo na kongosho. Wingi ulibaki mkubwa, chanzo kikawa kingine. Baada ya kukatwa, maini hayo yalikua tena. Ilionekana kwamba damu yoyote inatosha, mradi iwe nyingi.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaelezea matokeo mengi kwa sababu moja, tena inayopimika. Udhaifu wake ni kwamba jaribio la Child halikutoa ushindani ndani ya mnyama mmoja. Ini lote lilipata damu ya aina moja, na homoni za kongosho, ingawa zilichelewa na kupungukiwa nguvu, ziliendelea kulifikia kupitia mzunguko wa mwili mzima. Mnyama asiye na cha kulinganishwa naye ndani ya mwili wake hawezi kutuonyesha kama ini lingechagua damu nyingine kuliko hiyo.

Msimamo wa pili: kilichomo ndani ya damu

Ushindani huo uliletwa na upandikizaji. Katika miaka ya 1950 na 1960, madaktari walipompandikizia mbwa ini la pili bila kuliondoa lake la asili, lile la ziada lilisinyaa haraka. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni mwili kulikataa. Thomas Starzl, Thomas Marchioro na wenzao walionyesha kwamba palikuwa na sababu nyingine: ini lililopata damu ya vena potali lilistawi, lililokosa likanywea, hata kama ndilo la asili.

Starzl akaligawa ini la mbwa mmoja pande mbili. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1973, upande mmoja ulipewa damu ya kongosho na sehemu za jirani, mwingine damu ya utumbo yenye chakula tele. Upande wa kongosho ndio ulionenepa. Mwaka 1976 kundi lake lilikwenda mbali zaidi: katika mbwa waliochepushiwa damu yote ya vena potali, walidondoshea insulini kwenye tawi la kushoto la mshipa uliofungwa. Seli za upande wa kushoto zilinusurika kusinyaa, za kulia zikaharibika. Glukagoni peke yake haikufanya hivyo.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa Nancy Bucher na wenzake. Mwaka 1967, Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, mmoja akiwa amekatwa sehemu ya ini. Ini la yule mzima nalo likaanza kutengeneza DNA mpya, ingawa vena potali yake haikuguswa. Ni wazi kuna ujumbe unaosafiri ndani ya damu yenyewe. Baadaye watafiti waliitenga protini inayochochea seli za ini kugawanyika, ambayo leo ni miongoni mwa vichocheo vya ukuaji vinavyojulikana vizuri.

Nguvu ya msimamo huu ni usafi wa majaribio yake: mnyama mmoja, pande mbili, tofauti moja. Lakini nao una mipaka. Insulini huzuia ini lisinyae, hali peke yake haitoshi kuwasha ukuaji mkubwa. Kingine, hoja ya homoni inatuacha bila jibu la swali jepesi: ini lililokatwa hujuaje limepungua kiasi gani, na hujuaje limefika mwisho?

Msimamo wa tatu: nguvu ya mtiririko kwenye kuta

Hapa hoja ya wingi ilirudi kwa sura mpya. Theluthi mbili za ini la panya zinapokatwa, damu yote ya vena potali hulazimika kupita kwenye theluthi iliyobaki. Kila gramu ya ini, dakika hiyohiyo, hupata mtiririko mara tatu ya kawaida. Damu hukwaruza kuta za vijishipa kwa nguvu zaidi, na seli zilizotanda kwenye kuta hizo huitikia kwa kutoa oksidi ya nitriki na vichocheo vya ukuaji. Mwaka 2018, watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walieleza jinsi kunyooshwa kwa seli hizo, katika maini ya vipanya na katika seli za binadamu, kunavyozifanya zitoe ishara zinazoamsha ukuaji.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanaleta kipimo. Ini dogo hupata mtiririko mkubwa kwa kila gramu. Likikua, mtiririko huo hushuka, na ishara hufifia yenyewe. Swali la mwanzo na la mwisho wa ukuaji hupata jibu moja.

Lakini nguvu hiyohiyo huua. Kipande kikiwa kidogo mno, msukumo hupasua vijishipa, damu huvuja kwenye tishu, na ini hushindwa kazi kabla halijakua. Kwa nguruwe na panya waliokatwa sehemu kubwa sana, kuchepusha sehemu ya damu ya vena potali kumeokoa maisha ambayo damu nyingi ingeyapoteza. Ukichepusha kupita kiasi, ini hukosa kichocheo cha kukua. Hapa dai la muuza chupa kwamba damu zaidi ni bora daima linaanguka kabisa.

Msimamo huu nao hauelezi kila kitu. Haumwelezi panya mzima wa Bucher. Hauelezi pia ini linaloharibiwa na kemikali na kukua tena bila mtiririko kupanda ghafla kama inavyotokea baada ya kukatwa.

Ateri na fidia yenye mpaka

Katika mjadala huu ateri husahauliwa, ilhali ndiyo inayolinda uhai wa ini hali inapokuwa mbaya. Mtiririko wa vena potali ukipungua, ateri ya ini hutanuka; ukiongezeka, ateri hubana. Jambo hilo lilionekana mapema katika karne ya 20, na Wayne Lautt wa Manitoba, Kanada, ndiye aliyelichunguza kwa kina akitumia paka. Maelezo yake ni kwamba kemikali iitwayo adenosini hutolewa mfululizo karibu na mishipa hiyo, na mtiririko wa damu huiosha. Damu ya vena ikipungua, adenosini hujikusanya na kuilegeza ateri. Lautt alionyesha pia kwamba damu ikipunguziwa tu uwezo wake wa kubeba oksijeni, ateri haitanuki. Ateri haifuati njaa ya ini. Inalinda jumla ya mtiririko.

Fidia hii ina mipaka mitatu. Kwa kawaida hurudisha takriban asilimia 25 hadi 60 ya kilichopotea. Ni ya upande mmoja, kwani vena potali haiwezi kutanuka kuifidia ateri. Na muhimu kuliko yote, ateri huleta oksijeni, haileti damu iliyotoka moja kwa moja kwenye kongosho. Hapo fumbo la mbwa wa Eck linafumbuka: maini yao hayakufa kwa kukosa hewa, yalinywea kwa kukosa homoni.

Damu ikikatika kabisa

Mwaka 1908 daktari Pringle alieleza njia ya kubana ateri na vena potali kwa pamoja ili kuzuia damu isimwagike ini linapojeruhiwa. Madaktari wa upasuaji hutumia mbinu hiyo hadi sasa. Majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa madhara mengi hutokea baada ya kuachia, pale oksijeni inaporudi kwa kishindo na kuamsha seli za ulinzi zinazoshambulia tishu. Kwa panya, kubana kwa dakika chache na kuachia kabla ya kubana kwa muda mrefu kulipunguza madhara. Kwa binadamu, matokeo ya awali yalitia moyo, lakini tafiti zilizofuata hazikuonyesha faida iliyo wazi kiasi hicho. Pengo hilo linatuleta kwenye swali la mnyama.

Ni mnyama yupi?

Mbwa ana misuli inayoweza kubana mishipa ya kutolea damu kwenye ini, na damu hukwama tumboni mwake kwa namna isiyo ya kawaida kwa binadamu. Zamani, ateri ya ini ya mbwa ikifungwa, mnyama alikufa, na watu wakahitimisha kwamba ini haliwezi kuishi bila ateri. Mwaka 1949 Markowitz, Rappaport na Scott waliwapa mbwa wa aina hiyo penisilini, na wakanusurika. Sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa ya bakteria wanaokaa kwenye ini la mbwa na kuzaana oksijeni inapopungua. Hitimisho la miaka mingi lilitokana na vijidudu vya mnyama husika.

Panya naye hukuza ini kwa kasi ambayo mtu haifikii, na mara nyingi mnyama wa maabara ni kijana, ana afya, na ini lake halina mafuta wala makovu. Mgonjwa halisi huwa na ini lenye vyote viwili. Ushahidi wa wanyama hautupwi kwa sababu hiyo. Unapaswa kupewa uzito kulingana na aina ya mnyama na hali yake.

Kupima hoja

Mezani yamekuwepo maswali matatu yaliyochanganywa kuwa moja. La kwanza ni nini kinachotunza ini lisisinyae. Hapa ushahidi ulio safi zaidi uko upande wa kilichomo ndani ya damu, hasa insulini. La pili ni nini kinachowasha ukuaji na kuuwekea kipimo. Hapa nguvu ya mtiririko kwa kila gramu ina nafasi kubwa, ikisaidiwa na vichocheo vinavyosafiri na damu. La tatu ni nini kinacholihifadhi ini hai wakati wa uhaba. Jibu ni ateri, ndani ya mipaka yake.

Kwa mtazamo huu Mann na Starzl hawapingani. Mann aliona kwamba ini lililonyimwa damu halikui. Starzl akaonyesha ni sehemu ipi ya damu hiyo iliyokosekana. Jaribio la Child linaonyesha kwamba wingi unaweza kuziba pengo kwa kiasi. La mbwa aliyegawanywa ini linaonyesha kwamba palipo na ushindani, upande wenye homoni hushinda.

Matokeo kwa wagonjwa

Sungura wa Rous wamewafikia wagonjwa. Tangu miaka ya 1980, madaktari wa Japani, Masatoshi Makuuchi akiwa miongoni mwao, walianza kuziba tawi la vena potali la upande wenye uvimbe ili upande mzima ukue kabla ya upasuaji. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani walitangaza mbinu ya kuziba tawi hilo na kulipasua ini kwa wakati mmoja. Kwa wagonjwa 25, upande uliobaki ulikua kwa asilimia 74 ndani ya takriban siku tisa. Baadaye ilibainika kwamba ukubwa hutangulia uwezo: ini hutanuka kabla seli zake hazijakomaa kikazi. Mwaka 2014 watafiti wa Zürich walichukua plazma ya vipanya waliofanyiwa mbinu hiyo, wakawadunga wenzao waliozibwa mshipa tu, na ukuaji ukaharakishwa vivyo hivyo. Kilichomo ndani ya damu kilisikika tena, hata pale ambapo mtiririko ulionekana kueleza yote.

Katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, suala hili si la maabara tu. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama kwenye matawi ya vena potali na kuyajengea makovu. Ateri hufidia, na ini la mgonjwa huendelea na kazi kwa miaka mingi hata wengu ukivimba. Mgonjwa huyo akitapika damu nyingi kutokana na mishipa ya umio iliyopasuka, shinikizo la ateri hushuka, na ini lililokuwa likiitegemea huumia ghafla. Tahadhari ya kutibu kichocho mapema na kuwahisha hospitali anayetapika damu inatokana moja kwa moja na mantiki hii.

Kwa muhtasari

Ini huitikia mabadiliko ya damu kwa njia nne: hurekebisha ateri, husinyaa, hukua au hufa. Njia litakayoifuata hutegemea wingi wa damu, kilichomo, nguvu ya msukumo na hali ya ini lenyewe kabla ya mabadiliko. Kujiotesha upya ni kweli, ila kuna masharti: damu itoke mahali panapofaa, isiwe kidogo wala isizidi, na tishu iliyobaki iwe nzima. Ini lililojaa makovu ya pombe au ya homa ya ini halitimizi masharti hayo, na hakuna chupa inayoweza kuyatimiza kwa niaba yake.

Anayesikia kwamba utafiti umeonyesha jambo fulani kuhusu ini ana haki ya kuuliza maswali matatu. Nini hasa kilibadilishwa kwenye damu? Kwa mnyama yupi? Na kilichopimwa ni ukubwa wa ini au kazi yake? Ndugu anayefikiria kutoa kipande cha ini anastahili kujibiwa yote matatu kabla ya kuweka sahihi.